Usisubiri joho ndo uanze kutafuta kazi

Wadogo zangu mlioko chuo, kuna meseji naipata karibu kila msimu wa mahafali na haibadiliki, "kaka nimemaliza, digrii ninayo, nisaidie kazi yoyote". Mimi huwa namuuliza mtu swali moja tu, umefanya nini mpaka sasa? Na jibu huwa ni "nimesoma tu". Sasa ukikaa naye nusu saa ukamchimba unakuta kumbe sio kweli, huyu mtu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha watu arobaini, yule alikuwa anawatengenezea wenzake laptopu, mwingine diseitesheni yake kazungumza na watu mia na kitu mmoja mmoja, ila hakuna popote palipoandikwa, na siku ya kukaa chini aandike CV kichwa kinakuwa cheupe kuliko karatasi yenyewe. Matokeo yake anakopi CV ya rafiki yake anabadilisha jina.

Kwaiyo kabla sijafika kwenye CV wala intavyuu naomba uanze na kitu cha kijinga kabisa ambacho nilikijua nimeshachelewa. Daftari. Au faili kwenye simu, vyovyote, ila iwe sehemu moja. Kila ijumaa jioni dakika kumi unaandika wiki hii nilifanya nini, na nani, idadi ngapi, kikatoka nini, na nani aliona. Hayo tu. Usiandike "nimejifunza kushirikiana na wenzangu", hiyo hata wewe mwenyewe baada ya mwaka hutajua ilimaanisha nini. Andika hivi:

"Machi, wiki ya tatu. Asainimenti ya takwimu, kikundi watu 6, wawili hawakutokea. Niligawa kazi upya, data nikabeba mimi. Dodoso 120 kwenye Excel, 14 zilijazwa nusu nusu, tukazitoa tukaeleza kwa nini kwenye ripoti. Tulikabidhi siku moja kabla. Mhadhiri aliuliza nani kafanya sehemu ya data."

Mistari mitano. Hiyo mistari mitano shikilia vizuri maana ntairudia mpaka uichoke, itaingia kwenye CV, itajibu swali la intavyuu, na itakusaidia siku unaomba mtu akuandikie barua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akianza leo anamaliza chuo ana kurasa kadhaa za vitu kama hivyo, afu anashindana na mtu aliyeandika "mchapakazi mwenye kujituma". Mashindano gani hayo sasa.

Tuje kwenye CV

Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza. Ofisi niliyokuwepo walitangaza nafasi mbili za watu waliotoka chuo, maombi yakaja zaidi ya mia mbili, na sisi tuliopewa kazi ya kuchuja tulikuwa watatu na kila mtu ana kazi zake nyingine. Nataka uielewe hiyo picha vizuri, hamna mtu aliyekaa na kikombe chake anasoma CV yako taratibu neno kwa neno. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa TheLadders iliwahi kufuatilia macho ya watu wanaoajiri wakati wanasoma CV, mwaka 2012 wakakuta mtazamo wa kwanza ni kama sekunde 6, wakarudia 2018 ikawa sekunde 7.4. Mi nilipoisoma hiyo nilitaka kubisha ila nikajikumbuka mwenyewe siku ile nilipofika CV ya tisini, nikanyamaza.

Ndani ya hizo sekunde jicho linatafuta vitu vichache, umesoma nini, umefanya wapi, kuna namba au hamna. Ukijaza theluthi ya ukurasa na aya ya "mimi ni kijana mwenye ndoto na maono" umeshamaliza sekunde zako zote kwenye maneno ambayo hata aliyeshindwa anaweza kuyaandika. Chukua ile habari ya dodoso. Wengi wangeandika:

"Nina ujuzi wa kompyuta na uwezo wa kufanya kazi katika timu."

Wewe andika:

"Nilisafisha na kuchambua dodoso 120 kwa Excel katika mradi wa takwimu wa watu 6, nilibaini 14 zenye kasoro na kuandaa maelezo yake kwenye ripoti."

Tukio ni lile lile. La kwanza linaniomba nikuamini, la pili nikitaka nakuuliza, na ukweli ni kwamba mwenye kuchuja anapenda sana kukutana na kitu cha kuuliza. Anza sentensi na ulichofanya (nilisafisha, niliandaa, nilifundisha, nilikusanya), weka idadi, weka kilichotoka. Kama hauna namba usibuni, maana ntakuuliza.

Urefu, kama ndo unatoka chuo ukurasa mmoja unatosha, miwili ikizidi sana. Picha usiweke kama hawajaomba. Vitu vya dini, kabila, urefu wako kwa sentimita, acha. Shule ya msingi acha jamani. Imeili yako iwe jina lako, sio ile uliyofungua ukiwa kidato cha pili ina neno "boy" na namba 007. Na jina la faili, nimepokea faili linaitwa "CV mpya final2 ya kweli", nikacheka ila pia nikajua huyu kuna CV mbili kabla ya hii ambazo hazikuwa za kweli. Andika jina lako na nafasi unayoomba, basi, utume kwa PDF labda waseme wanataka Word.

Kuna kitu kingine watu wengi hawakijui, ofisi kubwa nyingi saivi CV haifiki kwa mtu moja kwa moja, inapita kwanza kwenye programu inayosoma maandishi na kuyapanga ili yule wa HR (idara inayoshughulikia ajira na wafanyakazi) aweze kutafuta kwa maneno. Zile CV zenye safu mbili za maandishi, vialama vya nyota za "Kiingereza nyota nne", na jina limewekwa ndani ya picha, macho ya mtu yanaweza kupenda ila programu inasoma vurugu. Jaribio lake ni rahisi, fungua PDF yako, chagua maandishi yote, kopi, kapesti kwenye notipadi. Kama yametoka yamepangika unaelewa, uko salama. Kama namba ya simu imeingia katikati ya jina la chuo, ndivyo na wao wanavyoiona. Afu tumia maneno ya tangazo lenyewe, wakiandika "uchambuzi wa data" usiandike "kushughulika na takwimu" ukidhani watajua ni kitu kimoja. Ila usije ukafanya ule ujanja wa kuficha maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe ili programu iyasome na mtu asiyaone, ikishageuzwa kuwa maandishi matupu yanaonekana yote na unaonekana tapeli.

Barua ya maombi, na hapa namleta Leonardo da Vinci

Sio utani. Karibu mwaka 1482, akiwa na miaka kama 30, Leonardo alimwandikia Ludovico Sforza mtawala wa Milano barua ya kuomba kazi. Leo tunamjua kwa michoro si ndio? Sasa ile barua karibu yote ni vita. Madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kukausha maji kwenye mahandaki, mizinga, magari ya kujikinga, orodha ndefu ya hoja moja baada ya nyingine. Uchoraji kautaja mwishoni mwishoni huko. Kwa nini? Kwa sababu Sforza alikuwa na maadui, hakuwa na shida ya picha. Barua ilizungumzia shida ya msomaji, na hapo ndo barua nyingi za wanafunzi zinapokosea, zinazungumzia shida ya mwandishi, "nitafurahi sana kupata nafasi hii ili nikuze taaluma yangu". Utafurahi wewe, mimi je?

Namna ninayopenda mimi, chukua tangazo, chora mstari katikati ya karatasi, kushoto andika kila kitu wanachotaka, kulia andika kutoka kwenye lile daftari ni lini uliwahi kufanya hicho kitu au kinachofanana nacho. Ukipata nusu au zaidi omba, usijitoe mwenyewe, tangazo mara nyingi linaelezea mtu wa ndotoni ambaye hata hao waliopo ofisini hawamfikii. Afu chagua viwili au vitatu vyenye nguvu, hivyo ndo barua yako. Aya ya kwanza unaomba nini na umeliona wapi tangazo, ya pili ushahidi, ya tatu unapatikana lini. Barua ikizidi ukurasa ujue umeanza kuhubiri. Na tafadhali soma tena jina la kampuni kabla ya kutuma, kile kitu cha kutuma barua yenye jina la ofisi nyingine kinatokea kila siku.

Koneksheni sio mjomba tu

Hapa ndo watu wanalalamika sana, "kazi saivi ni kujuana". Sibishi kwamba kujuana kupo. Ila ngoja nikupe kitu cha kufikiria. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, akawauliza huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi. Waliokuwa wanaonana mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikuwa wanaonana mara moja moja, na 27.8 kwa nadra kabisa. Sababu yake ukiifikiria inaingia akilini, rafiki yako wa chumba kimoja anajua matangazo yale yale unayoyajua wewe, mko kwenye magrupu yale yale, akisikia kazi na yeye anaitaka! Lakini yule mliyekaa naye siku mbili kwenye semina, aliyekuwa mwaka wa tatu wewe ukiwa wa kwanza, supavaiza wa fildi wa rafiki yako, hao wanaishi kwenye dunia nyingine na habari zao hujazisikia.

Kwaiyo mtu asiye na mjomba mkubwa bado ana watu hamsini anaowajua nusu nusu. Tatizo ni namna ya kuwaendea. Ukimwandikia mtu "habari, naomba kazi" umemweka kwenye kona, hana kazi mfukoni, jibu rahisi kwake ni kukaa kimya. Muombe kitu anachoweza kukupa leo. Kama hivi:

"Habari za kazi dada. Mimi niko mwaka wa pili takwimu, nilikuona ulipokuja kutuongelea idarani kuhusu kazi za bima. Nina maswali mawili tu: siku yako ya kawaida kazini inakuwaje, na kitu gani ulitamani ungejifunza ukiwa bado chuo? Ukiwa na dakika 15 wiki hii au ijayo nitashukuru sana, hata voisi nouti inatosha."

Umejitambulisha, umemkumbusha mlipoonana, umeomba kidogo, umempa njia rahisi ya kujibu. Wengine hawatajibu, kawaida, usinune. Akijibu kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, baada ya mwezi mrudie umwambie ulifanya nini na ushauri wake, "dada ulinambia nijifunze pivoti (yale majedwali ya muhtasari ya Excel), nimejifunza, nimetumia kwenye hii kazi". Hapo machoni pake umehama kutoka kwenye "mtu aliyeniomba msaada" kwenda kwenye "mtu ninayemfuatilia anaendeleaje", na siku bosi wake akiuliza "hamna kijana mnayemjua?" jina linalokuja ni lako.

LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na waajiri, fungua akaunti, upo tangu 2003 na waajiri wengi wanachungulia huko. Usiandike tu "mwanafunzi", andika unasoma nini na unaweza kufanya nini, weka kazi moja au mbili ulizofanya, toka. Sio lazima uwe unaandika mahubiri ya asubuhi kila siku.

Fildi, ambayo wengi wanaitupa

Mafunzo kwa vitendo ndo sehemu pekee ambapo ofisi inakuruhusu uingie bila kukufanyia usaili mkali, na watu wanaenda kusaini mahudhurio. Najua lalamiko, "walinituma kutoa kopi tu". Na mimi walinituma. Nilipelekwa chumba cha mafaili, miezi miwili natafuta mafaili na kuyarudisha, nikanuna wiki nzima ya kwanza. Wiki ya pili nikagundua kila mtu anayekuja anachukua karibu nusu saa kupata faili moja kwa sababu hakuna orodha, yalipangwa na mtu aliyestaafu na mpangilio aliondoka nao kichwani. Nikaanza kuandika, namba ya faili, kichwa chake, rafu ya ngapi. Nilikuwa na Excel ya kuungaunga tu sio kwamba nilikuwa fundi. Mpaka naondoka nilikuwa na orodha ya mafaili zaidi ya mia sita na mtu akija anapata lake muda wa kunywa maji. Hakuna aliyenituma.

Ila sasa sikia nilipoharibu. Niliondoka siku ya mwisho nimeshikana mikono na kila mtu, nimepiga picha, sikuomba barua. Nikasema ntakuja kuomba nikihitaji. Miaka miwili baadaye nahitaji mtu wa kunidhamini kwenye maombi, nikapiga simu pale, supavaiza wangu keshahama, aliyepo hanijui, na ile orodha anaitumia kila siku bila kujua imetoka wapi. Yaani ilibidi nicheke.

Kwaiyo wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, sio baada, mfuate supavaiza na karatasi moja ya vitu ulivyofanya (si una daftari) umwambie "bosi naomba kama itawezekana uniandikie barua fupi, nimeweka hapa nilivyofanya ili isikuchukulie muda". Mtu mwenye kazi nyingi akipewa kumbukumbu anaandika barua nzuri, asipopewa anaandika "alikuwa na nidhamu na alifika kwa wakati" ambayo ni kama kusema hakuiba. Chukua namba yake binafsi na imeili isiyo ya ofisi. Na kwa wahadhiri ni hivyo hivyo, yule aliyeuliza nani kafanya sehemu ya data, huyo ndo mdhamini wako, sio profesa mkubwa mwenye jina ambaye hajui hata unakaa safu ya ngapi. Na usimwandike mtu kwenye CV bila kumwambia, atapigiwa simu ghafla aseme "nani huyo?".

Umeitwa

Hongera, ila kwanza jiulize umeitwa kwa kazi ipi. Nacheka lakini hii ni kweli, umeomba sehemu ishirini, wanapiga baada ya wiki tatu, tangazo limeshafutwa mtandaoni na haukumbuki hata walitaka nini. Ndo maana kila unapoomba lihifadhi tangazo zima, kopi maandishi yote weka kwenye faldi moja na CV ile ile uliyotuma, na uwe na jedwali dogo la tarehe, ofisi, nafasi, umetuma nini, wamejibu nini. Siku ya kuitwa unafungua unasoma kama mtihani wa kitabu wazi.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni "tuambie kuhusu wewe". Intavyuu yangu ya kwanza kabisa nilianza na nilikozaliwa, nikapita shule ya msingi, nikaelezea kwa nini nilihama shule darasa la tano, na mama mmoja kwenye paneli akageuza mkono akaangalia saa, mimi nikadhani ana haraka zake. Hawataki historia, wanataka dakika moja na nusu hivi, sasa hivi unafanya nini, kitu kimoja au viwili ulivyofanya vinavyohusiana na hii kazi, na kwa nini umekuja hapa. Mengine watauliza.

Maswali mengine mengi yanaanza na "tupe mfano wa siku ambayo...". Hapo kuna mpangilio wa vitu vinne unaofundishwa kila mahali na unafanya kazi kweli, hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Tumrudie rafiki yetu dodoso. Wakuulize siku uliyofanya kazi na watu wasiotoa ushirikiano:

"Mwaka wa pili tulikuwa kikundi cha watu 6 kwenye mradi wa takwimu, wawili hawakutokea na tulikuwa na siku tano. Mimi nilikuwa naratibu. Niliwapigia kwanza, mmoja alikuwa anaumwa, mwingine hakupokea, nikaona nisisubiri nikagawa kazi upya kwa wanne na mimi nikachukua data. Kwenye dodoso 120 nilikuta 14 hazikujazwa vizuri, tukakubaliana tuzitoe na tueleze sababu badala ya kujaza kwa kubuni. Tulikabidhi siku moja kabla, na sehemu ya data mhadhiri aliiulizia."

Haifiki dakika moja ukiisema. Angalia kitu kimoja humo, "nilipiga, niligawa, nilikuta". Wanafunzi wanapenda sana "tulifanya", kila kitu tulifanya, tulichambua, tuliwasilisha, paneli inabaki inajiuliza sasa huyu mwenyewe alifanya nini, labda alikuwa analeta chaja. Unaona kama unajisifu, najua, ila kilicho chako sema nilifanya, kilicho cha wote sema tulifanya, na ukisema hivyo bila kuchanganya wanakuamini zaidi kwa vyote viwili.

Andaa hadithi tano au sita tu za namna hiyo, za kushindwa pia iwepo moja, halafu zifanyie mazoezi kwa sauti. Sio kichwani. Kichwani sote ni mahodari. Jirekodi kwa simu usikilize, utajishangaa unasema "yaani" mara ngapi (mimi usinihesabu hapa). Wakikuuliza udhaifu wako usilete ule mchezo wa "mimi tatizo langu nafanya kazi sana", wameusikia tangu asubuhi. Sema wa kweli usioua kazi yenyewe na unachofanya kuhusu huo, mfano "nikianza kuongea mbele ya watu naenda haraka, kwaiyo nimekuwa nikijitolea kuwasilisha kila asainimenti na naandika dakika pembeni ya karatasi". Na wakisema "una swali?" usiseme hamna. Uliza miezi mitatu ya kwanza mtu wa nafasi hii anatakiwa awe amefanikisha nini. Jibu lake litakwambia mengi kuhusu hiyo ofisi kuliko wavuti yao.

Ikiwa ni kwa video, kamera iwe usawa wa macho, weka vitabu chini ya laptopu, mwanga uwe mbele yako sio dirisha mgongoni maana unaonekana kivuli tu, linki ijaribu jana yake, na simu iwe na bando pembeni ikikatika unaingia na simu bila kupaniki. Kazi nyingine wanatoa jaribio, faili la Excel ulisafishe, ripoti uifupishe. Kama umekuwa unafanya hutababaika, kama ulikuwa unaandika tu "najua kompyuta" leo ndo leo.

Umemaliza, siku hiyo hiyo au kesho yake tuma imeili fupi ya shukrani, mistari mitatu. Kama walisema watajibu ndani ya wiki na wiki imepita, uliza mara moja kwa heshima, kisha endelea na maombi mengine, usikae unaangalia simu.

Ukimya nao usome. Umetuma thelathini hakuna aliyekuita hata mmoja, shida iko kwenye karatasi au unaomba kazi zisizo zako, rudi kwenye CV. Unaitwa kila mara ila huchukuliwi, CV iko sawa, shida ni unavyojibu, tafuta mtu akufanyie intavyuu ya uongo akukosoe bila huruma. Watu wengi wanarekebisha CV mara kumi wakati ugonjwa uko kwenye intavyuu.

Matapeli

Msimu wa mahafali na wao wanafanya kazi. Anayekuomba hela ili akupe kazi, iwe ni ya fomu, ya mafunzo, ya vipimo, ya sare, ya "kufungua faili", huyo hana kazi ya kukupa, kazi yako wewe ni hiyo hela. Umepewa kazi bila usaili wowote na mshahara mnono, shtuka. Intavyuu yote kwa meseji bila kuona sura wala kusikia sauti, shtuka. Imeili inasema kampuni kubwa ila imetoka kwenye anuani ya bure ya mtu binafsi, usibonyeze linki waliyotuma, andika mwenyewe anuani ya wavuti ya kampuni utafute ukurasa wa ajira na upige namba iliyopo pale. Na namba ya siri, au zile namba za kuthibitisha zinazoingia kwenye simu kwa meseji, hamna mwajiri anayezihitaji wakati wa kuomba.

Ukipewa

Usijibu ndiyo dakika hiyo hiyo kwa furaha, shukuru na uombe siku moja au mbili usome mkataba. Soma kipindi cha majaribio ni miezi mingapi na kikiisha kinatokea nini, saa za kazi, likizo, mshahara ulioandikwa ni kabla au baada ya makato, na ukitaka kuacha unatakiwa kutoa taarifa muda gani kabla. Kilichoahidiwa kwa mdomo kama hakipo kwenye karatasi uliza kiandikwe, kuuliza sio jeuri. Mshahara unaweza kujadili hata kama ndo kwanza unaanza, ila uwe umeshaulizia watu wa kazi hiyo wanapewa kiasi gani (wale watu unaowajua nusu nusu hapa tena wana faida) na useme kwa utulivu namba unayoiona ni ya haki na sababu yake.

Na kama bado una mtihani wa marudio, au diseitesheni hujakabidhi, au cheti kitachelewa kutoka, sema kabla ya kusaini, taja na tarehe kabisa. Nimeona kijana kaficha akidhani ataiba siku mbili akafanye mtihani kimya kimya, siku ya mtihani ikaangukia siku ya ukaguzi ofisini, na simu aliyopigiwa akiwa ukumbini hakuweza kuipokea.